Kuandaa Walimu wa Fizikia wa Sekondari Jijini Nairobi

Mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari nchini Kenya hupatikana kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni shahada ya ualimu wa sayansi: miaka minne chuoni, masomo mawili ya kufundishia, mara nyingi fizikia na hisabati au fizikia na kemia, yakienda sambamba na taaluma ya elimu. Ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuhitimu shahada ya sayansi, kisha akarudi kusomea stashahada ya uzamili ya elimu kwa takriban mwaka mmoja. Kando ya hizo ipo stashahada ya ualimu wa sekondari inayotolewa katika vyuo kama Kagumo, Nyeri. Hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya ufundishaji wa sayansi hapo zamani, na sasa inazidi kufunikwa na shahada.

Njia zote hukutana Upper Hill, kwenye makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Tume hii iliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Katiba ya 2010 ikaipa hadhi ya tume ya kikatiba. Bila usajili wake hakuna anayeruhusiwa kufundisha, iwe shule ya umma au ya binafsi. Anayetaka kusajiliwa kwa ajili ya sekondari hutakiwa kuwa alipata wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, pamoja na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha.

Sharti hilo lina mantiki yake na kasoro yake. Alama za KCSE ni rahisi kuthibitisha, na hupimwa kwa kipimo kimoja nchi nzima. Lakini humhukumu mtu mzima kwa mtihani alioufanya akiwa bado kijana wa Kidato cha Nne. Mwenye shahada nzuri ya fizikia aliyeteleza katika somo la pili hukuta mlango umefungwa. Aliyetimiza C+ mbili huingia, hata kama hajawahi kutakiwa kumweleza mtoto kwa nini msumari huzama na meli ya chuma huelea. Uwezo huo wa kueleza ndio kiini cha suala zima la maandalizi.

Fizikia kwake, elimu kwake

Ukitazama ramani ya Nairobi, unauona mgawanyiko wa kazi hii. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitokana na Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Fizikia yake hufundishwa Chiromo, karibu na Westlands. Kitivo cha elimu, kwa upande wake, kimehamahama. Mwaka 1978 kilipelekwa Kahawa, katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta. Elimu iliporejea chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipewa makao Kikuyu, kilomita 20 hivi magharibi mwa katikati ya jiji.

Umbali huo si wa barabara tu. Anayesomea shahada ya sayansi Chiromo hupita katika umakanika, sumaku-umeme, fizikia ya kwanta na ya yabisi. Anayejiunga na kozi ya elimu hukutana na historia ya elimu, falsafa, saikolojia, sosholojia, nadharia ya mtaala na upimaji. Kila upande una hoja zake. Anayefundisha kwanta hatarajiwi kujua mtoto wa Kidato cha Pili anakwama wapi katika mada ya mizani na mizunguko ya kani. Anayefundisha saikolojia ya elimu ana mbele yake watu wa historia, Kiswahili na biolojia kwa pamoja, hivyo mifano yake haiwezi kuwa ya fizikia pekee. Panapokutana pande hizo mbili ni katika kozi ya mbinu za kufundisha fizikia, ambayo ni sehemu ndogo tu ya ratiba nzima, na katika mazoezi ya kufundisha.

Kwa mhitimu anayefuata njia ya stashahada ya uzamili, ufa huo ni mpana zaidi. Yeye aliisoma fizikia kwa miaka minne bila kuwaza kuifundisha, na mara nyingi miaka kadhaa imepita tangu alipoigusa fizikia ya sekondari. Anaijua milinganyo ya Maxwell, ila huenda hakumbuki namna ya kupanga saketi ya kupima ukinzani wa waya kwa amita, voltmita na betri mbili. Mwaka mmoja wa kozi humpa nadharia ya elimu, lakini haumrudishi kwa utaratibu katika mada za Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ili azitazame kwa jicho la mwalimu.

Mfano wa Ngong Road

Kenya iliwahi kuwa na chuo kilichojengwa kwa ajili ya kuunganisha mambo hayo. Katikati ya miaka ya 1960, nchi ikiwa na upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi Waafrika, serikali iliingia makubaliano na Sweden, na kikazaliwa Kenya Science Teachers College kando ya Ngong Road. Wahitimu wake walipata stashahada, wakajulikana kama walimu wa S1. Hapo fizikia, mbinu za kuifundisha na kazi za maabara vilikuwa chini ya paa moja na chini ya wakufunzi walewale. Mkufunzi aliyefundisha mada ya lenzi ndiye pia aliyeonyesha jinsi ya kuifanya mada hiyo ieleweke mbele ya darasa la watoto arobaini. Eneo hilohilo likaja kuwa na kiwanda cha SEPU, kilichoanzishwa miaka ya 1970 kutengeneza vifaa vya maabara kwa ajili ya shule, na masanduku yake ya vifaa vya fizikia yakaenea nchini.

Mwaka 2007 chuo hicho kiligeuzwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na stashahada ikaachia nafasi shahada ya ualimu wa sayansi. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu. Walimu wa stashahada walikuwa wakipandishwa vyeo polepole kuliko wenzao wa shahada, na wazazi pamoja na serikali walitaka sekondari iwe mikononi mwa wahitimu wa chuo kikuu. Kiwango cha fizikia kikapanda. Lakini chuo kikuu hupima kazi ya mhadhiri kwa utafiti na machapisho zaidi ya kwa ubora wa somo la Kidato cha Pili, na hadhi iliyoongezeka kwa upande wa cheti haikuja na hadhi sawa kwa upande wa ufundi wa kufundisha.

Aina tatu za maarifa

Mwaka 1986 Lee Shulman, msomi wa elimu wa Marekani, alitoa hoja kwamba mwalimu huhitaji zaidi ya kulijua somo na kuijua elimu kwa jumla. Kuna maarifa ya tatu: kujua somo hilo hasa linafundishikaje, lina ugumu gani kwa anayelianza, na ni mifano ipi huufungua ugumu huo. Katika fizikia maarifa haya yana uzito wa pekee, kwa sababu mtoto haingii darasani akiwa hajui kitu. Huingia na fizikia yake mwenyewe, aliyoijenga kwa kusukuma mikokoteni, kurusha mawe na kupanda matatu.

Mpira ukirushwa juu, wanafunzi wengi husema kwamba kani ya mkono bado inausukuma wakati unapanda. Katika saketi ya balbu mbili, wengi huamini kwamba balbu ya kwanza hula sehemu ya mkondo, hivyo ya pili hupata masalio. Makosa haya hayaondoki kwa mwalimu kuandika kanuni ubaoni. Mwanafunzi huikariri kanuni, akapata alama, na imani yake ya zamani ikabaki palepale. Mwalimu aliyeandaliwa vizuri huyajua makosa hayo kabla ya kuingia darasani. Humwacha mwanafunzi atabiri kwanza, kisha huunganisha amita kabla na baada ya balbu, ili kipimo chenyewe kiseme.

Maarifa hayo ya tatu yana sura ya mahali pia. Vitabu husema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto kizuri katika maji yanayochemka huonyesha karibu nyuzi 94. Kikuyu, palipoinuka zaidi, huonyesha pungufu ya hapo. Kipimahewa cha zebaki husimama kwenye milimita 620 hivi badala ya 760. Mwalimu asiyeandaliwa husema kipimajoto ni kibovu, au huwaambia wanafunzi waandike 100. Aliyeandaliwa ana mkononi somo zima la kanieneo ya hewa, pamoja na maelezo ya kwa nini maharagwe huchelewa kuiva Limuru kuliko Mombasa. Vivyo hivyo pendula: karibu na ikweta mchapuko wa mvuto ni takriban 9.78, na darasa lililopata jibu hilo halijakosea kwa kutofikia 9.81.

Kuna pia ustadi wa kulipokea swali lisilotarajiwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aligundua wakati wa kutengeneza aisikrimu kwamba maziwa aliyoyaweka kwenye jokofu yakiwa moto yaliganda mapema kuliko yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu alimwona amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule hiyo. Wenzake walimcheka, lakini Osborne aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo katika jarida la Physics Education. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu tukio hilo na sababu zake. Kwa upande wa ualimu ubishi huo hauzuii funzo: Osborne hakuwa na jibu zaidi ya mwalimu yule wa kwanza, ila alikuwa na njia ya kulitafuta. Njia hiyo hufundishika, na mahali pake ni katika maandalizi.

Muhula mmoja wa TP

Mazoezi ya kufundisha, ambayo wanafunzi huyaita TP, huchukua kwa kawaida muhula mmoja. Kabla yake, mwanafunzi hufundisha wenzake kwa dakika chache huku mhadhiri akitazama. Kisha hupangiwa shule, huandaa maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, na wahadhiri humtembelea kumpima.

Thamani ya muhula huo hutegemea sana shule. Magharibi mwa Nairobi peke yake tofauti ni kubwa. Zipo shule kongwe kama Alliance ya Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926, Nairobi School kando ya Waiyaki Way, Kenya High ya Kileleshwa na Lenana, zenye maabara kamili ya fizikia, fundi wa maabara na idara yenye walimu kadhaa. Na zipo shule za kutwa za mitaani ambako maabara moja hutumiwa na sayansi zote tatu, na mwalimu wa fizikia ni mmoja au hayupo. Katika shule ya aina ya kwanza mwanafunzi wa TP hujifunza kwa kutazama mabingwa, ila huenda akapewa vipindi vichache, kwa kuwa shule huogopa kuhatarisha matokeo. Katika shule ya aina ya pili hukabidhiwa madarasa tangu wiki ya kwanza na huachwa aogelee mwenyewe. Kila mmoja hurudi chuoni na nusu ya alichohitaji.

Nusu hizo zingeunganishwa na mwalimu mlezi: mwalimu mwenyeji wa somo hilohilo, aliyefunzwa kulea na kupunguziwa vipindi ili aifanye kazi hiyo. Uingereza inatoa mfano wa kulinganisha. Huko mwenye shahada ya fizikia anayesomea ualimu kwa mwaka mmoja hutumia angalau siku 120 za mwaka huo shuleni, katika shule zisizopungua mbili, chini ya mlezi aliyeteuliwa. Waliosahau fizikia yao huwa na kozi za kuiimarisha kabla ya kuanza, na wanafunzi bora hupewa ufadhili kupitia Institute of Physics. Hata hivyo Uingereza nayo hukosa kufikia lengo lake la walimu wa fizikia karibu kila mwaka, jambo linaloonyesha kwamba maandalizi mazuri peke yake hayamshindi mwajiri wa uhandisi au wa benki.

Maabara na Karatasi ya Tatu

Mtihani wa KCSE wa fizikia una karatasi tatu: mbili za nadharia zenye alama 80 kila moja, na ya tatu ya vitendo yenye alama 40. Kwa hiyo moja ya tano ya alama hutoka maabarani. Siku chache kabla ya mtihani, shule hupokea maagizo ya siri ya Baraza la Mitihani yanayoorodhesha vifaa: springi, rula ya mita, lenzi, waya wa nikromu, kapasita, saa ya kupimia. Hapo ndipo mwalimu mgeni hugundua kwamba kazi yake ni zaidi ya kueleza. Lazima ahakikishe amita zote thelathini zinasoma sawa na betri zina nguvu ya kumfikisha mtahiniwa wa mwisho.

Kazi hii haifundishwi kwa uzito chuoni. Katika maabara ya chuo kikuu mwanafunzi hukuta vifaa vimepangwa na fundi, naye hufuata mwongozo. Kutunza stoo, kurekebisha galvanomita, kuagiza vifaa kwa bajeti ndogo na kuzuia ajali za umeme ni mambo ambayo wengi huyajifunza kazini. Matokeo yake ni kwamba katika shule nyingi maabara hufunguliwa kwa bidii Kidato cha Nne, muda mfupi kabla ya mtihani, ilhali mtoto wa Kidato cha Kwanza, anayeamua kama atalipenda somo, huiona fizikia ikiwa chaki na daftari.

Kozi za kazini: kutoka SMASSE hadi CEMASTEA

Pengo lililoachwa na vyuo lilijazwa kwa sehemu na mafunzo ya kazini. Mwaka 1998 serikali ya Kenya na shirika la Japani la JICA zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari, kwanza kwa majaribio katika wilaya tisa, kisha kote nchini kuanzia 2003. Makao yake ya awali yalikuwa palepale Ngong Road, katika chuo cha walimu wa sayansi. Kutokana nao kikazaliwa kituo cha CEMASTEA, kilichoko Karen, ambacho kimewapokea pia walimu kutoka nchi nyingine za Afrika.

Mradi huo uliweka mbele kanuni nne: shughuli, mwanafunzi kuwa kitovu, majaribio, na ubunifu wa vifaa kutokana na vilivyopo. Ukaongeza mzunguko wa kupanga, kufundisha, kutazama na kuboresha, ambapo walimu hutazamana wakifundisha na kujadili somo bila kumshambulia aliyelifundisha. Ni maarifa ya tatu ya Shulman yakiletwa kwa mtu aliyekwisha ajiriwa. Udhaifu wake ulikuwa katika muundo wa ngazi: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, nao wakawafunza walimu wakati wa likizo, na kila ngazi ikapunguza kidogo ukali wa ujumbe. Walimu nao walinung'unikia likizo zilizoliwa na posho zisizotosha.

Ubunifu wa vifaa una mipaka yake pia. Chupa ya maji yenye matundu huonyesha vizuri jinsi kanieneo inavyoongezeka na kina, na boksi la kadi hutengeneza kamera ya tundu la sindano. Lakini hakuna mwalimu anayeweza kubuni voltmita ya kumfaa mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu. Chuo kinapaswa kumfundisha mwanafunzi mambo yote mawili: kubuni panapowezekana, na kudai kununuliwa kifaa pasipo na mbadala. Kisa cha Peter Tabichi, bruda Mfransisko aliyesomea ualimu Chuo Kikuu cha Egerton na kufundisha hisabati na fizikia Keriko, Njoro, huwekwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba moyo hushinda uhaba. Mwaka 2019 alishinda tuzo ya kimataifa ya mwalimu bora, yenye dola milioni 1, baada ya kulea klabu ya sayansi katika shule iliyokuwa na kompyuta moja. Kisa hicho ni cha kweli na cha kuheshimiwa, lakini mfumo hupangwa kwa kuzingatia mwalimu wa kawaida.

Ajira na duara la uhaba

Chini ya mtaala wa 8-4-4, fizikia iliachwa na wanafunzi wengi mwanzoni mwa Kidato cha Tatu. Waliobaki nayo hadi KCSE walikuwa karibu robo ya watahiniwa, na wasichana walikuwa wachache kati yao. Waliofaulu vizuri zaidi walielekea uhandisi na udaktari. Hivyo ualimu wa fizikia ulichota kutoka kisima kidogo ambacho wengine walikuwa wamekwisha teka. Wachache walioandaliwa walikwenda kufundisha wachache, na duara likajirudia.

Mtaala mpya umeongeza mzigo. Sekondari ya chini ilianza Gredi ya 7 mwaka 2023, na somo lake ni sayansi jumuishi, yenye fizikia, kemia na biolojia pamoja. Mwalimu wa biolojia ambaye huenda aliiacha fizikia Kidato cha Pili ndiye sasa anayemfungulia mtoto mlango wa umeme na sumaku, na mwalimu wa fizikia naye hujikuta akifundisha uzazi wa mimea. Mwaka 2026 sekondari ya juu imefungua Gredi ya 10 kwa mikondo mitatu, na serikali imepanga mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati uchukue asilimia 60 ya wanafunzi. Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwa walimu walioandaliwa kwa ajili ya robo.

Njia ya kuingia kazini nayo imekuwa na misukosuko. Walimu wengi wenye shahada waliopelekwa sekondari ya chini waliajiriwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba utaratibu huo ulikuwa kinyume cha sheria, na mapema 2025 wanagenzi wapatao 46,000 walithibitishwa kwa ajira ya kudumu. Mjadala ulihusu mshahara, na kwa haki. Lakini upande wa pili wa uanagenzi, yaani kulelewa na fundi mzoefu, haukuzungumzwa sana, kwa kuwa haukuwapo. Mwanagenzi alibeba vipindi kamili kama mwalimu mwingine yeyote.

Kinachohitajika kuunganishwa

Nairobi haikosi sehemu za maandalizi mazuri. Chiromo ina fizikia, Kikuyu ina elimu, Ngong Road ina historia ya ufundi na vifaa, Karen ina uzoefu wa kufundisha walimu, na kati yao zimo shule za kila hali. Kinachokosekana ni utaratibu wa kumpitisha mwanafunzi mmoja katika sehemu hizo zote kwa mpangilio. Kwa mwenye shahada ya sayansi, hilo lingemaanisha kozi fupi ya kurudia fizikia ya sekondari kabla ya nadharia ya elimu, mazoezi katika shule mbili zilizo tofauti badala ya moja, na mwalimu mlezi anayelipwa kwa kazi hiyo. Kwa wa shahada ya ualimu, lingemaanisha kozi ya mbinu inayofundishwa maabarani, pamoja na sehemu ya utunzaji wa vifaa inayopimwa kama somo lolote jingine. Kwa wote wawili, miaka miwili ya mwanzo kazini ingehesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi, CEMASTEA ikipokea walimu wapya badala ya kungoja wazoee makosa. Hakuna kati ya hayo linalodai chuo kipya. Yote yanadai makubaliano kati ya taasisi zilizopo na TSC kuhusu nani anawajibika kwa sehemu ipi.